SOMO LA UJASIRIAMALI: Kulinda Duka Bila Kumfukuza Mteja

Mara nyingi masomo ya namna hii huzungumzia mtaji, mikopo na marejesho. Safari hii tunataka kuzungumzia jambo ambalo wenye maduka hulifanya kila siku bila kulifikiria sana, yaani ulinzi: nondo, wavu, kufuli, mlinzi wa mlangoni, kukagua mifuko, na siku hizi kamera. Vyote hivi huwekwa kwa ajili ya mwizi. Lakini mwizi huja mara chache. Anayekutana navyo kila siku ni mteja.

Tuanze na hali ya hapa kwetu. Lugarawa ina hospitali ya misheni, na hospitali huleta watu. Mtu anayeuguza mgonjwa hutoka kijiji cha mbali huko Ludewa, hufika akiwa amechoka, na kabla jua halijazama anahitaji ndoo, beseni, kandambili, sabuni, unga, sukari na kiberiti. Humfahamu. Amevaa koti kubwa kwa sababu ya baridi, amebeba kiroba, mawazo yake yapo wodini, na macho yake yanazunguka kwenye rafu kwa sababu anatafuta bei na hazijaandikwa. Sasa tazama: mgeni, koti kubwa, kiroba, macho yanayozunguka. Ni alama zilezile ambazo muuzaji huambiwa ndizo za mwizi! Lakini siku hiyo huyu ndiye mteja mwenye fedha taslimu mkononi na haja ya kweli. (Kuhusu koti, mwezi wa Juni na Julai ukiamua kumfuata kila mwenye koti Njombe, utaifuata wilaya nzima.)

Hesabu ya mche wa sabuni

Hatusemi kwamba wizi ni jambo dogo. Duka dogo linaumia haraka kuliko duka kubwa. Tuchukulie kwamba mche wa sabuni umeununua kwa shilingi 2,800 na unauuza shilingi 3,000. Faida ni shilingi 200. Ukiibiwa mche mmoja, itakubidi uuze miche 14 ili urudishe fedha uliyopoteza, na katika miche hiyo 14 hujapata hata senti moja ya kupeleka nyumbani. Ndiyo maana mwenye duka hukasirika sana kwa kitu ambacho mpita njia anakiona kidogo. Hasira yake ina hesabu nyuma yake.

Sasa fanya hesabu ya upande wa pili, ambayo wengi hawaifanyi. Chukua mama mmoja anayenunua kwako kila wiki vitu vinavyokuachia faida ya shilingi 500 tu. Kwa mwaka ni majuma 52, yaani shilingi 26,000. Siku moja kijana wako wa dukani anamsimamisha mlangoni mbele ya watu, anamwambia afungue kitenge alichombebea mtoto, na hakuna kinachopatikana. Mama anaondoka na harudi. Umepoteza shilingi 26,000 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya bei ya kununulia miche tisa ya sabuni. Hapo bado hatujawahesabu dada zake, majirani zake na wanakikundi wenzake, ambao jioni hiyohiyo watakuwa wamesimuliwa.

Tofauti ni kwamba mche ulioibwa utauona kwenye daftari unapohesabu mali. Mteja aliyeondoka hakuna daftari linalomwandika.

Dirisha la wavu

Duka letu la kawaida vijijini ni la kaunta, na mengi yana wavu au nondo kuanzia kaunta hadi darini. Mteja anabaki nje, mikono ya kupokea fedha inatoka kwenye kidirisha. Wenye maduka wana sababu. Muuzaji mara nyingi ni mmoja, pengine ni mama au binti peke yake, na saa mbili usiku barabarani ni giza. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, maduka mengi pia ni mawakala, kwa hiyo fedha inayokaa ndani si ya sukari na chumvi peke yake. Asiyewahi kuvamiwa asiwe mwepesi wa kumwambia mwenzake aondoe nondo.

Lakini simama upande wa nje wa wavu uone. Huwezi kushika kitu. Huwezi kusoma tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye kopo la maziwa ya mtoto. Bei huioni, hivyo unauliza, na ukishauliza mara tatu unaona aibu ya kuondoka bila kununua. Na kila unachotaka ni lazima ukitamke kwa sauti, na nyuma yako wamesimama watu. Binti anayehitaji taulo za kike anafika dirishani, anawakuta vijana wa bodaboda wanakunywa soda, anaomba pipi, anaondoka. Muuzaji ameuza pipi ya shilingi 50 na hajui kwamba amepoteza mauzo mengine. Mzee aliyesikia uzito wa masikio naye anaagiza mafuta ya taa anapewa ya kula.

Mambo haya yanarekebishika bila kung'oa nondo hata moja. Andika bei kwenye ubao au kwenye makasha, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka kutoka nje. Panua kidirisha kiasi cha kupitisha kopo na mche wa sabuni, na umpe mteja bidhaa aishike na kuisoma kabla hajatoa fedha. Kama unaogopa atakimbia nayo, jiulize ni wangapi wamewahi kukimbia na kopo la maziwa. Taulo za kike, dawa ya chawa na vitu vya namna hiyo viweke pembeni mahali panapoonekana, ili mteja aoneshe kwa kidole tu, na uwe umeviweka kwenye mfuko wa karatasi tayari. Taa moja ya sola upande wa mteja, siyo wa muuzaji peke yake, inamsaidia mwanamke anayekuja usiku, na pia inamfanya mwenye nia mbaya aonekane sura. Taa hiyo hulinda pande zote mbili kwa gharama moja.

Wazee wetu wanakumbuka namna nyingine ya ulinzi wa bidhaa. Mwaka 1976 ilipokuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kuyapisha ya ushirika, na katika miaka ya uhaba iliyofuata sukari na sabuni zilikuwa za foleni. Mteja alifika kama mwombaji, na aliyekuwa nyuma ya kaunta alikuwa mkubwa. Biashara ililegezwa tangu katikati ya miaka ya 1980, lakini tabia ya kaunta ile, kwa maoni yangu, bado inaishi katika baadhi ya maduka yetu. Muuzaji hajui kwamba siku hizi duka la pili lipo hatua kumi.

Duka la kujihudumia

Mjini Njombe na Makambako yapo maduka ambayo mteja anaingia mwenyewe, anachukua kikapu, anajichagulia. Wengine wenu mnafikiria kubadilisha maduka yenu yawe hivyo. Ni vizuri kujua mtindo huu ulianzaje, kwa sababu swali la wizi lilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1916 mfanyabiashara Clarence Saunders alifungua duka liitwalo Piggly Wiggly katika mji wa Memphis, Marekani. Kabla ya hapo wateja wa huko walisimama kwenye kaunta kama sisi, karani akiwachukulia vitu. Saunders aliwaruhusu waingie ndani. Watu wangeweza kusema ataibiwa hadi afilisike. Alichofanya ni kupanga duka: mteja aliingia kwa kizuizi cha kuzunguka, akafuata njia moja iliyopita kwenye rafu zote, na njia hiyo ilimfikisha kwa mpokea fedha kabla ya kutoka. Kila bidhaa ilikuwa na bei yake. Kwa hiyo ulinzi ulikuwa kwenye mpangilio wa duka. Mteja mwaminifu alipita bila kuguswa wala kuulizwa, akaona amehudumiwa vizuri.

Somo hilo lina zaidi ya miaka 100 na bado linafaa kwa chumba cha hatua nane kwa sita. Meza ya kulipia iwe karibu na mlango. Rafu za katikati zisizidi kimo cha kifua, ili anayepokea fedha aone duka zima akiwa ameketi. Vitu vidogo vya bei kubwa, kama betri, nyembe, vipodozi, chaja za simu, viwe nyuma ya meza ya kulipia. Unga, ndoo, majembe na chumvi hakuna atakayeondoka navyo ndani ya koti. Viache wazi watu wavishike.

Hapo ndipo linapokuja suala la mifuko, ambalo ni la kwetu kabisa. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Watu wamezoea kuja na vikapu na mifuko yao kutoka nyumbani. Kisha wanafika kwenye duka la kujihudumia wanaambiwa mfuko uachwe mlangoni. Sheria inataka aje na mfuko, mlinzi hautaki! Mteja anauacha sakafuni, bila namba, pamoja na kadi ya kliniki na dawa za mgonjwa ndani yake, na mlinzi anasema duka halihusiki na vitakavyopotea. Yaani mali ya duka inalindwa kwa kuiacha mali ya mteja bila ulinzi. Ukitaka watu waache mifuko, basi weka rafu yenye vyumba, vibao viwili vya namba inayofanana, kimoja kwenye mfuko na kingine kwa mwenye mfuko, na mtu wa kuwajibika. Kama huwezi hayo, mruhusu aingie na kikapu chake.

Risiti nayo ni hivyohivyo. Mashine za kielektroniki za risiti zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na sote tunajua kwamba muuzaji anapaswa kutoa risiti na mnunuzi kuidai. Kwenye maduka makubwa mlinzi wa mlangoni huitazama tena. Si vibaya. Kinachouma ni kumkagua mwenye kandambili na kumwachia apite mwenye tai. Ukiamua kukagua, kagua wote, akiwemo mwalimu mkuu na mke wa mwenye duka, na ifanyike kwa sekunde chache. Tena mlinzi atangulize salamu. "Shikamoo mama, naomba risiti niigonge muhuri" na "Wee mama, risiti!" ni kazi ileile, lakini wateja wawili tofauti watatoka mlangoni hapo.

Kuhusu salamu tuseme zaidi kidogo, kwa sababu ni ulinzi wa bei rahisi kuliko wote. Mwizi wa dukani anapenda asionekane. Ukimwamkia anapoingia, ukamtazama usoni na kumuuliza nikusaidie nini, amejua kwamba ameonekana, na wengi huishia hapo. Mteja mwema akiamkiwa "Kamwene" anajua amekaribishwa. Neno moja limewafikia wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Kumfuata mtu nyuma nyuma kati ya rafu ni kinyume chake: mwema anaudhika, na mwizi anasubiri ugeuke.

Ukimshuku mtu

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, maana ni suala la uhai wa mtu. Katika nchi yetu neno "mwizi" likipigwa kwa sauti sokoni au stendi linaweza kuua. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiripoti mwaka hadi mwaka vifo vya watu waliopigwa na wananchi wenye hasira, na miongoni mwa watu wa namna hiyo hawakosekani wasio na hatia. Mwenye duka anayepiga kelele hizo kwa ajili ya pakiti ya betri hawezi kuzirudisha mdomoni umati ukishakusanyika.

Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumpiga, kumvua nguo wala kumpiga picha akiwa ameshika sabuni. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza hata mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitishwa. Na hata polisi wenyewe, sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha. Muuzaji si polisi.

Kwa hiyo ukiona kitu kimeingia kwenye koti, msogelee kabla hajafika mlangoni na useme kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, hicho nikuwekee kaunta, au ulishakilipia?" Umempa njia ya kukirudisha. Aliyesahau, na wapo wanaosahau, hasa mwenye mgonjwa, atakirudisha na kukushukuru. Aliyekusudia naye atakirudisha. Umepata bidhaa yako na hujamwaga damu. Kama ni mtoto, mwite mzazi. Kama ni mtu yuleyule kwa mara ya tatu, mpeleke kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi, ukiwa na shahidi.

Wanaofunga kamera nao wana jambo la kujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa taarifa za watu unazokusanya, na sura ya mtu ni mojawapo. Weka tangazo mlangoni linaloonekana kwamba kuna kamera. Ielekeze kwenye fedha, mlango na stoo, kamwe si mahali pa kujaribia nguo. Na usichukue picha ya mtu unayemshuku ukaitupa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Hiyo ni kelele ileile ya "mwizi", ila inafika mbali zaidi.

Mlango uliofungwa

Kuna ulinzi ambao mteja hauoni hadi siku ya hatari. Tarehe 28 Januari 2009 duka kubwa la Nakumatt Downtown katikati ya Nairobi liliteketea kwa moto, na watu zaidi ya 20 walikufa. Baadhi ya walionusurika walisema walinzi walifunga milango kwa kuogopa uporaji. Miaka minne na nusu hivi kabla, tarehe 1 Agosti 2004, moto ulizuka katika supamaketi ya Ycuá Bolaños mjini Asunción, Paraguay. Milango ilifungwa ili watu wasitoke bila kulipa. Walikufa zaidi ya watu 300, na wenye duka pamoja na mlinzi walihukumiwa kifungo.

Linganisha na yaliyofuata baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, ambapo waliuawa watu 67. Tangu hapo wateja wa maduka makubwa ya jiji hilo wamezoea kufunguliwa mifuko na kupimwa kwa vyombo vya kutambua chuma wanapoingia. Ni usumbufu mkubwa kuliko wa kuoneshwa risiti, na bado watu wanapanga foleni. Wanajua upekuzi ule unalinda maisha yao. Mteja si mjinga, anatambua ulinzi unaomhusu na ulinzi unaomlenga.

Tusiseme hayo ni ya miji mikubwa. Maduka yetu mangapi yana petroli kwenye chupa, mafuta ya taa na mitungi ya gesi chumba kimoja, mlango mmoja, madirisha yote nondo? Na ni vijana wangapi wanaolala dukani kama walinzi huku tajiri amefunga kufuli kwa nje na kwenda na ufunguo? Kufuli la namna hiyo likatwe leo. Mlango wa nyuma uwe na komeo la ndani linalofunguka bila ufunguo, na makreti ya soda yasiwekwe mbele yake. Petroli ikae nje.

Kabla ya kumtazama mteja

Mwisho kuna upande ambao wenye maduka hawaupendi. Vikundi vingi vinapokuja kulalamika kwamba "wateja wanatuibia", tukikaa na kuhesabu pamoja, tunakuta mambo mengine: soda walizokunywa watoto wa nyumbani, unga uliochukuliwa na shemeji "nitalipa Jumamosi", deni ambalo halikuandikwa, katoni iliyopokelewa kutoka kwa muuzaji wa jumla Makambako bila kufunguliwa na kuhesabiwa, na chenji iliyozidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ikishapotea bila habari, lawama humwangukia yule asiyejulikana jina, yaani mgeni mwenye koti.

Kwa hiyo kabla ya kikundi chenu kununua wavu, kamera au kuajiri mlinzi, fanyeni hivi kwa wiki nne. Chagueni bidhaa kumi zinazotoka sana. Kila Jumatatu asubuhi zihesabuni watu wawili, andikeni zilizokuwepo, zilizoingia, zilizouzwa na zilizobaki. Kila kinachotoka kwa ajili ya nyumbani kiandikwe kama mauzo ya mkopo, hata kama ni kiberiti. Baada ya wiki ya nne jumlisheni upungufu ambao haujapata maelezo, muuweke kwa shilingi, kisha uwekeni kando ya bei ya wavu mnaotaka kununua.